Upande wa Nne wa Nyumba ya Juja

Katika kitabu chake cha uwindaji kilichochapishwa 1910, Theodore Roosevelt anaieleza nyumba ya shamba la Juja kwa maneno machache: haina ghorofa, na veranda yake inaizunguka. Nilikwama hapo kwenye neno la kuzunguka. Je, ilifika hata upande wa nne?

Mwenye nyumba anajulikana na wengi kuanzia Ruiru hadi Kilimambogo. William Northrup McMillan, tajiri wa St. Louis, Marekani, mwenye mwili mkubwa kupindukia na maelfu ya ekari za ardhi ambayo haikuwa ya baba yake. Roosevelt alifika Mei 1909, muda mfupi baada ya kuondoka Ikulu ya Marekani. Nyumba ilisimama ukingoni mwa nyanda za Athi, karibu na pale Mto Ruiru unapokutana na Mto Nairobi. Nyanda hizo, kutoka Theta hadi Juja Farm, leo zimekatwa ploti.

Swali langu nililipeleka kwa mzee mmoja wa Ruiru, fundi ambaye maisha yake yote amekarabati nyumba za mbao katika mashamba ya kahawa na mkonge. Jina lake hataki lichapishwe. Nilimsomea maelezo ya Roosevelt, naye akachukua kipande cha plaiwudi akaanza kuchora.

Alianza na jua. Hapa tuko karibu mno na ikweta, kwa hiyo kuta zinazoumia mwaka mzima ni za mashariki na magharibi, na lazima zifunikwe. Hizo ni pande mbili. Wa tatu ni wa macho: nyasi zilizoteremka hadi mtoni, miti iliyoufuata mkondo wa maji. Baraza ya Mswahili hutazama njia ili majirani wapite na kusalimia. Hii ilitazama mto na wanyama, na mgeni alikuja kwa mwaliko.

Kisha akaniingiza katika veranda yenyewe, anayoiheshimu kuliko chumba chochote. Katika nyumba za namna hii, anasema, nguzo hukaa juu ya jiwe, kamwe si ndani ya udongo, kwa sababu mchwa wa nyanda hizi hawana subira. Nguzo bora ni za mutarakwa, ambao mchwa hawaupendi. Podo hufaa kwa silingi. Mbao za sakafu hupewa mteremko mdogo kuelekea nje, ili mvua ya upepo ikiingia ipate njia ya kutoka. Fundi mbaya utamjua kwenye kona. Pale paa za veranda zinapokutana, bati likikatwa ovyo maji hupenya kwenye mbao, na mbao huoza kimyakimya miaka mingi kabla mwenye nyumba hajagundua. Veranda ya pande tatu ina kona mbili za kuogopwa. Ya pande nne ina nne.

Je, kama waliishia pande tatu, walikwepa gharama? Mzee alitikisa kichwa. Mtu kama McMillan hakubania bati. Kwake, upande wa nne uliachwa wazi kwa kuwa ulikuwa wa kazi: huko zilipitia kuni na maji, na jiko lilijengwa mbali kwa hofu ya moto. Ukiweka veranda huko, mpishi naye atakaa kivulini kama mgeni. Mzee anaamini hilo ndilo lililoepukwa, nami naona vigumu kumpinga.

Miaka hiyohiyo, huko Pasadena, California, ndugu wawili wa ukoo wa Greene walikuwa wakijenga Gamble House, bangaloo ya mbao yenye paa pana na veranda za kulala, nalo jarida la The Craftsman likiwafundisha Wamarekani kuonea fahari mkono wa fundi. Juja, mgeni Mmarekani aliandika juu ya nyumba na veranda yake. Waliopiga randa mbao zile hawamo katika sentensi zake.

Na yupo mtu mmoja wa nyumba hiyo ambaye siwezi kumweka upande wowote. Louise Decker, Mmarekani mweusi, aliwatumikia akina McMillan, na kaburi lake liko Ol Donyo Sabuk pamoja na la bwana, aliyefariki 1925, na la mkewe Lucie. Alizikwa nao, je, aliketi nao verandani? Maktaba ya McMillan, ambayo Lucie aliijenga Nairobi kumkumbuka mumewe na iliyofunguliwa 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee kwa takriban miongo mitatu.

Nilimuuliza mzee chumba cha Decker kingekuwa wapi. Alisema inategemea nani alishika funguo za stoo. Kama ni yeye, basi alilala ndani, lakini karibu na ukuta ule usio na veranda. Akaendelea kuchora: jiko, tangi la maji, njia ya kuni. Alipofika kwenye nyumba za wafanyakazi alisita na kuniuliza walikuwa wangapi, ili ajue achore vyumba vingapi, na kama walikuwa na watoto.