Korosho Haikaushwi na Jua Peke Yake

Kuanzia Oktoba, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa huokota korosho, huzitenga na mabibo, kisha huzianika kabla ya kuzipeleka kwenye chama chao cha ushirika (AMCOS). Wengi huangalia jua tu. Lakini jua huanzisha kazi. Inayoimaliza ni hewa.

Chukua kilo 100 za korosho zenye unyevu wa asilimia 16. Ili unyevu ushuke hadi asilimia 8, lazima zitoke takribani kilo 9 za maji. Joto la jua huyageuza maji hayo kuwa mvuke. Mvuke usipoondolewa, huigubika korosho, na hewa ya hapo ikishashiba, ukaukaji husimama hata kama jua linachoma.

Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi zaidi. Ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, mita moja ya ujazo hushiba kwa gramu 17 hivi. Ikiwa na nyuzi 30, kwa gramu 30. Tukikadiria kila mita ya ujazo inaondoka na gramu 5, kilo zile 100 zitahitaji mita za ujazo 1,800 za hewa. Ndiyo maana korosho zilizorundikwa huchelewa kukauka: za juu hupata upepo, za chini hukaa na mvuke wake. Zitandaze nyembamba juu ya kichanja au turubai, uzigeuze mara kwa mara. Jioni zianue mapema, kwani hewa ikipoa hushindwa kubeba mvuke wake na kuumwaga kama umande.

Ghalani kanuni ni hiyo hiyo. Korosho mbichi hutoa mvuke ndani ya magunia. Hewa yenye joto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda hadi kwenye bati lililopoa usiku. Hapo mvuke hugeuka matone na kudondokea magunia ya juu, na ukungu huanza. Ghala zuri huwa na matundu ya chini ya kuingizia hewa baridi na ya juu ya kutolea hewa moto, na magunia hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta.

Ubora wa korosho hupimwa kwa kuipasua na kuangalia kiini. Mkulima, upe mzigo wako hewa kabla hujaupeleka mizanini.