Mzunguko wa Naitrojeni katika Matope ya Mikoko: Mfano wa Maingilio ya Mto Ruvuma

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya kawaida, neno "tope" hubeba dhana ya uchafu. Anayepita katika mikoko ya maingilio ya mto Ruvuma wakati wa maji kupwa hukanyaga tope jeusi linalonuka kama yai viza, na ni rahisi ahitimishe kwamba hapo pana uozo mtupu. Makala haya yanafafanua kwamba tope hilo ni mahali pa kazi ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba kazi hiyo hutegemea ujirani wa sehemu zenye oksijeni na zisizo nayo. Eneo linalozungumziwa liko mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Tangu mwaka 2000 limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

2.0 Tatizo la Naitrojeni

Takribani asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mti hauwezi kuitumia kama ilivyo, kwa kuwa atomi zake mbili zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu. Huko Ujerumani, Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 namna ya kukivunja kifungo hicho ili kupata amonia, na kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka 1913. Njia hiyo huhitaji joto kali na mgandamizo mkubwa. Baadhi ya bakteria hufanya kazi iyo hiyo katika joto la kawaida la pwani, kwa kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi.

3.0 Hatua za Mzunguko

(a) Unasaji. Bakteria hutwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa amonia. Istilahi "unasaji" inafaa kuliko "ufungaji", kwani naitrojeni haikai imefungwa mahali pamoja, bali huingia katika mzunguko. Lugomela na Bergman, katika utafiti wao wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2002, walichunguza unasaji huo juu ya mizizi ya kupumulia ya mikoko, ambako sianobakteria huishi. Mchu, mmoja wa miti yenye mizizi ya namna hiyo, humea Ruvuma pia.

(b) Uozeshaji. Majani yaangukapo, kaa huyaburura mashimoni na kuyatafuna. Bakteria humalizia kuyavunjavunja, na amonia hurudi topeni.

(c) Unitrishaji. Amonia hugeuzwa kuwa nitriti, kisha naitreti. Sergei Winogradsky alithibitisha mnamo mwaka 1890 kwamba hii ni kazi ya bakteria. Mwaka 2005 ilibainika kuwa arkea nao wanaweza kufanya sehemu yake ya kwanza. Hatua hii haiwezekani pasipo oksijeni.

(d) Uondoaji wa naitreti. Oksijeni ikosekanapo, bakteria wengine hutumia naitreti kupumulia na kuirudisha naitrojeni hewani.

4.0 Nafasi ya Mizizi, Kaa na Maji

Hatua ya (c) na ya (d) zinataka hali zinazopingana, ilhali ya pili hutegemea zao la ya kwanza. Katika tope la mikoko hali hizo hupakana. Sentimita chache tu chini ya uso wa tope, oksijeni huwa imekwisha. Harufu ya yai viza ni dalili ya upungufu huo. Hata hivyo, mizizi ya mchu na mlilana huteremsha hewa, na mashimo ya kaa hupitisha maji mapya kila yajaapo na kupwa. Kuta za mashimo na ngozi ya mizizi huwa ndiyo mipaka ambapo makundi hayo mawili hupokezana kazi.

5.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, kukata mikoko si kupoteza miti pekee. Majani hukoma kuanguka, mizizi huacha kuteremsha hewa na kaa hupungua. Pale inapofyekwa ili kupisha mashamba ya chumvi, matuta huzuia maji kujaa na kupwa kama kawaida, na mzunguko hukatika. Mche unaopandwa baadaye huikuta ardhi iliyopoteza watendakazi wake. Mjadala wa hifadhi, kwa hiyo, hauna budi kulihesabu tope lenyewe kuwa sehemu ya msitu.