Bokondji Imama: mtoto wa Wakongomani mwenye kula jasho lake juu ya barafu

Kwa mtu wa Nyangwe, kando ya Lualaba, barafu ni kitu cha kutafuta kwa mwenye kongelateri, na ikichelewa njiani inageuka maji. Lakini kuko mwanaume mmoja, wazazi wake wa kutoka Kongo, ambaye barafu njo imempa kazi. Anaitwa Bokondji Imama, wengi wanamuita Boko. Mwenye kujua Lingala atasikia ndani ya jina lile neno bokonzi, ni kusema utawala. Alizaliwa Montréal, huko Kanada, mwaka 1996.

Kazi yenyewe ni hoki ya barafu. Kila ekipe inaingiza watu 6, kipa akiwemo. Wanavaa viatu vyenye chuma kikali chini, wanateleza ndani ya uwanja wa urefu wa mita 60 hivi wenye kuzungukwa na ukuta, na kila mmoja anashika fimbo ya kusukuma kisahani cha mpira mgumu chenye gramu 170 hivi. Mbio ni kali sana: mchezaji anakaa ndani chini ya dakika moja, anatoka kupumua, mwingine anaingia. Kugongana kwa bega kunaruhusiwa.

Ligi kubwa ya dunia inaitwa NHL, ya Marekani na Kanada. Kila mwaka ekipe zake zinachagua vijana kwa zamu. Mwaka 2015 Tampa Bay Lightning ilimchagua Imama, akiwa wa 180. Hapo wengi wangefanya sherehe, lakini kuchaguliwa si kuajiriwa. Alibaki ku ligi ya vijana, na msimu wa 2016-2017 alifunga mabao 41 akiwa na Saint John Sea Dogs, ekipe iliyochukua kombe la ligi ile. Tampa Bay haikumtumia. Los Angeles Kings njo ilimchukua, ikamuweka ku ligi ya pili, AHL.

AHL ni ligi ya kungojea. Ni sawa na kama TP Mazembe ingekuwa na ekipe ya pili Kasongo: simu inalia asubuhi, mchezaji anapanda ndege ya Lubumbashi, kisha juma moja anarudishwa. Wachezaji wengi wa namna hiyo wana kontra ya bei mbili. Siku wakiwa juu wanahesabiwa mshahara wa juu, na mwaka 2022 mshahara wa chini kabisa wa NHL ulikuwa dola 750,000 kwa mwaka. Siku wakirudishwa, bei inaanguka. Imama aliingia mlango huo wa kungojea mwaka 2017, na alikaa humo miaka karibu mitano.

Kitu kingine chenye kushangaza: hoki inavumilia ngumi. Wawili wakipigana wanakaa nje dakika 5, kisha wanarudi. Kuko wachezaji wenye kuwekwa ndani ya ekipe kwa kulinda wenzao, na Imama alijulikana kwa kazi hiyo. Ni kazi ya hatari. Derek Boogaard, mmoja wa wapiganaji wakubwa wa NHL, alikufa mwaka 2011 akiwa na miaka 28, na madaktari walikuta ubongo wake umeharibika kwa mapigo ya kichwa.

Ngumi zile hazikumkinga na matusi ya rangi. Mwezi wa kwanza 2020 mpinzani alimtukana kwa ajili ya ngozi yake; ligi ilimsimamisha mtu yule mechi 5. Miaka miwili baadaye, mwezi wa kwanza 2022, Imama akiwa na Tucson Roadrunners, mchezaji wa ekipe nyingine alimfanyia ishara ya nyani. Safari hii azabu ilikuwa mechi 30. Kutoka 5 mpaka 30: si kwamba tusi la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa Imama mwenyewe hakuna mechi hata moja iliyorudisha kile alichosikia.

Mwezi wa nne mwaka ule ule simu ililia. Arizona Coyotes ilimpandisha NHL, akiwa na miaka 25, na katika mechi zake chache za msimu ule alifunga bao lake la kwanza. Baadaye alipita Ottawa Senators, kisha Pittsburgh Penguins, bado kwa njia ile ile ya kupanda na kushuka.

Kwa mwenye kutaka kuona mchezo huu bila kuvuka bahari, uwanja wa karibu uko Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari, tangu 2005. Ni mdogo kuliko wa NHL. Ekipe ya pale inaitwa Ice Lions, na Kenya iliingia ndani ya shirikisho la dunia la hoki ya barafu mwaka 2024.