Uzamili wa kemia: anza na swali kabla ya karo

Vijana wa kwetu Pwani huniuliza kama uzamili wa kemia kwa njia ya utafiti ni shahada ya kwanza iliyoongezwa ugumu. Sivyo. Nafundisha kemia hapa Gilgil, na mfano wa kulieleza jambo hili uko katika maji tunayokunywa.

Bonde la Ufa lina watu wengi wenye meno ya madoa ya hudhurungi. Chanzo ni floraidi. Miamba ya volkano huiachia ndani ya maji ya ardhini, na kwa kuwa maji hayo yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, floraidi hubaki imeyeyuka humo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huku vimepita hapo.

Hayo utayasoma katika shahada ya kwanza. Uzamili wa utafiti unadai swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Nakuru, mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kwa miaka kuchuja floraidi. Je, kilo moja ya mkaa huo itasafisha lita ngapi za maji ya kisima fulani cha Gilgil kabla ya kuchoka? Magadi yanaupunguzia nguvu kiasi gani? Hiyo ni tasnifu.

Ukishapata swali, unaandika pendekezo na kulitetea mbele ya idara. Unaomba leseni ya utafiti kwa NACOSTI, kama sheria ya 2013 inavyotaka. Unachota sampuli kiangazi na masika, unapima, unarudia kupima, kisha unaandika na kutetea tasnifu. Kwenye karatasi ni miaka miwili. Wengi huipita, kwa sababu ya mashine mbovu, kemikali zilizokwisha au msimamizi asiyejibu.

Kwa hivyo kabla ya kulipa karo, iwe Egerton pale Njoro au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, uliza mambo matatu. Nani atanisimamia, na ana wanafunzi wangapi? Mashine nitakayohitaji inafanya kazi leo? Kemikali atalipia nani? Usipopata majibu, ngoja kwanza.

Na swali lenyewe usilitafute mbali. Visima vya Pwani vinavyoingiliwa na chumvi ya bahari navyo vinahitaji mtu wa kuvipima.