Kwa Nini Gari Hushindwa Kipimo cha Moshi

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani vitu vilivyoundwa kwa atomi za kaboni na haidrojeni. Lau ingeungua kikamilifu ndani ya silinda, ekzosi ingetoa nitrojeni ya hewani, kaboni dioksidi na mvuke wa maji tu. Lakini sivyo ilivyo. Kipimo cha moshi hutafuta hasa gesi za namna tatu: kaboni monoksidi, haidrokaboni zisizoungua, na oksidi za nitrojeni. Kila moja ina chanzo chake.

Kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua, kwa mfano chujio la injini ya kabureta linapoziba, au kihisio cha oksijeni katika injini za siku hizi kinapoharibika, kaboni monoksidi huzalika kwa wingi. Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ndiyo maana ni hatari kuwasha injini ndani ya banda lililofungwa.

Haidrokaboni huzidi pale plagi isipotoa cheche barabara, kwa kuwa petroli hutoka bila kuungua. Oksidi za nitrojeni, kwa upande wake, huzaliwa na joto kali, ambalo huilazimisha nitrojeni ya hewa kuungana na oksijeni. Mapema katika miaka ya 1950, mwanakemia A. J. Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchungu wa Los Angeles ulitokana na gesi za makundi haya mawili zikipigwa na jua.

Hapa pana tatizo: kuongeza hewa kidogo hupunguza kaboni monoksidi, lakini huweza kuzidisha oksidi za nitrojeni. Suluhisho limekuwa kichocheo, chombo kilichopakwa platini, paladi na rodi, kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi. Ndani yake gesi mbili mbaya husafishana:

2CO + 2NO → 2CO₂ + N₂

Vichocheo vya kwanza vilienea katika magari ya Marekani ya mwaka 1975. Risasi iliyotiwa katika petroli huviharibu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Oili inayopenya kwenye ringi za pistoni zilizolika, ikatoa moshi wa buluu, huviharibu pia. Aidha, kichocheo hakifanyi kazi ipasavyo kabla ya kupata joto la nyuzi 300 za Selsiasi hivi. Hivyo gari zima huweza kushindwa likipimwa injini ingali baridi.

Kichocheo kikiondolewa, gari huendelea kwenda, wala dereva haoni tofauti kubwa. Anayeipata tofauti hiyo ni mtembea kwa miguu, na mtoto angojaye basi kando ya barabara. Kipimo cha moshi huonyesha kile ambacho usukani hauwezi kukieleza.