Kununua au Kupewa Idhini?

Wanafunzi wangu hapa Eldoret husema "wamenunua" mchezo wa kompyuta katika duka la Steam. Kitenzi hicho chanitatiza. Mnunuzi wa kitabu aweza kukiuza tena au kukirithisha. Wao wamepewa idhini ya kucheza tu. Sheria ya California iliyotiwa saini Septemba 2024 huwataka wauzaji wakiri hivyo waziwazi.

Washindani nao hawakulala. Epic, ilipofungua duka lake Desemba 2018, iliwatoza watungaji asilimia 12, ilhali kiwango cha kawaida cha Steam ni 30; tena hugawa michezo bure. GOG huuza faili za kuhifadhiwa na kuchezwa pasipo intaneti. Huyu, kwa maoni yangu, ndiye anayekaribia kuuza, na sheria hiyo huwasamehe wauzaji wa namna yake.