Harusi iliyokatwa vipande vya gigabaiti nne

Kijana wa Buzebazeba akipewa kazi ya kurekodi msafara wa harusi, akaibana GoPro kwenye usukani wa bodaboda, barabarani mambo huwa shwari. Kamera hizi ndogo zimetengenezwa kuhimili vumbi, mtikisiko na maji. Balaa huanza usiku, kadi inapochomekwa kwenye laptopu. Zinajipanga faili zenye majina kama GX010123, GX010124, GX020123. Moja inatoa sauti bila picha, nyingine inaganda kila sekunde mbili, na bwana harusi anapiga simu: “Kaka, video yetu vipi?”

Wengi hapo hulaumu kadi. Mara nyingi kadi ni nzima. Herufi GX zinaonyesha kwamba video imebanwa kwa mfumo wa HEVC, ambao GoPro iliuingiza kwenye kamera ya HERO6 Black mwaka 2017. Mfumo huo hupunguza sana uzito wa faili bila kuharibu picha, ila kompyuta inatozwa gharama yake: lazima ifanye hesabu nyingi kwa kila fremu inayoonyesha. Laptopu ya zamani, iliyonunuliwa mtumba, haina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Ndiyo maana picha inaganda. Kununua mashine mpya si lazima. Programu kama DaVinci Resolve na Premiere zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za klipu. Unahariri kwa nakala hizo, kisha programu inarudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa video ya mwisho. Zipo pia LRV, faili ndogo zinazoandikwa na kamera yenyewe, ambazo vijana wengi huzifuta wakidhani ni takataka. Badilisha mwisho wa jina uwe MP4, nayo itafunguka. Inatosha kabisa kwa kutazama na kuchagua.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye namba. Kamera haiandiki saa nzima kwenye faili moja. Kwa miaka mingi ilikuwa ikikata rekodi kila inapokaribia gigabaiti nne, kwa sababu mpangilio wa FAT32 unaotumika kwenye kadi ndogo haukubali faili kubwa kuliko hapo. Tarakimu mbili baada ya herufi ni namba ya kipande. Nne za mwisho ndizo namba ya rekodi. Kwa hiyo GX020123 inaendeleza GX010123, lakini kompyuta ikipanga kwa jina inaiweka GX010124 katikati ya hizo mbili. Mhariri asiyejua hilo atamwonyesha bibi harusi akiingia ukumbini, ghafla keki inakatwa, kisha bibi harusi anaingia tena. Panga kwa tarakimu nne za mwisho kwanza, halafu unganisha vipande bila kuacha pengo.

Kuhusu nafasi, piga hesabu kabla ya kupokea malipo ya awali. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa. Sherehe ya saa mbili ni gigabaiti 90, na laptopu nyingi za mtaani zina diski ya 256, nusu yake ikiwa imeshajaa muziki.

Lipo pia la umeme wetu. Tanzania tunatumia umeme wa hezi 50, huku kamera nyingi zikifika zimewekwa kwa mazoea ya Marekani ya hezi 60. Matokeo yake ni taa za ukumbini kumetameta kwenye video, na hakuna programu inayoliondoa tatizo hilo vizuri. Weka 50 kwenye mipangilio ya kamera, rekodi kwa fremu 25 au 50, na mradi wa kuhariri uanze kwa kipimo hichohicho. Anayezamisha kamera Ziwa Tanganyika kupiga picha za samaki ana shida tofauti: maji hula rangi nyekundu kwanza, kwa hiyo picha ya chini inarudi ya kibuluu. Arekebishe rangi mwishoni, akishakata.

Mkoa wetu wa Kigoma una ushahidi wake wa gharama ya picha zisizopangwa. Mpigapicha Hugo van Lawick alifika Gombe mwaka 1962 kumrekodi mtafiti Jane Goodall na sokwe wake kwa filamu ya milimita 16. Zaidi ya saa 100 za kazi hiyo zilisahaulika kwenye hifadhi za National Geographic hadi zilipoibuliwa mwaka 2014, na mwongozaji Brett Morgen akazitumia kutengeneza filamu ya “Jane”, iliyotoka 2017. Ile bahati ilitokana na filamu kuwa kitu cha kushikika, ndani ya kopo. Kadi ya kamera ikishafutwa na kurekodiwa upya haina kopo la kuibuliwa.

Basi ndugu zangu mnaopiga video za harusi na safari za mitumbwi: msihariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Toeni kadi kwenye kamera, itieni kwenye kisoma kadi, nakilini folda nzima ya DCIM mahali pawili, laptopu na diski ya nje. Ipeni folda hiyo tarehe na jina la kazi, fungueni faili chache mhakikishe zinacheza, ndipo kadi ifutwe. Na ifutwe ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta.